Mama Geji na Kengele ya Mto

Mtu akimuuliza Mama Geji kama mto umejaa, hakupata jibu. Alisimama tu akimwangalia, akingoja swali lirekebishwe. Kwake mto haukujaa wala haukupungua. Ulikuwa mita sifuri nukta nane, au mita moja nukta tatu, na kama ulitaka kujua hayo ni maji mengi au machache, hiyo ilikuwa shida yako na pampu yako.

Kazi yake ilikuwa kusoma geji. Geji ni bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, likaandikwa namba nyeusi kutoka chini kwenda juu, likafungwa kwa boliti kwenye nguzo ya daraja, huko juu kwenye mashamba ya chai kabla mto haujateremka kwenda Mitunguu. Kila siku, saa tatu asubuhi na saa kumi alasiri, alisimama darajani, akasoma namba iliyoguswa na maji, akaiandika kwenye kitabu chenye jalada gumu. Jumapili alisoma. Krismasi alisoma. Siku ya kupiga kura alisoma kwanza, ndipo akaenda kupanga foleni. Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Yeye hakusema, nami sikuuliza. Nilijua tu kwamba hata watoto wake walimwita Mama Geji walipokuwa wamemkasirikia.

Mimi wakati huo nilikuwa naandika programu katika ofisi ndogo pale Kinoru, ghorofa ya pili, dirisha linatazama uwanja wa mpira. Tulikuwa wawili tu, Bosi na mimi. Kikundi cha wakulima wa ndizi wa Mitunguu kilikuwa kimemwendea Bosi na ombi moja. Pampu zao zilikaa chini kabisa, kwenye kingo za mto, na mvua ikinyesha mlimani, mafuriko yaliwafikia wakiwa kwenye jua kali, bila wingu hata moja juu ya vichwa vyao. Walitaka simu zao ziwaonye. Bosi akasema tunaweza. Akanituma darajani nikamwone mtu wa namba.

"Muga," Mama Geji akanisalimu kwa Kimeru. Nilipojibu, alisikia lafudhi yangu, akatabasamu upande mmoja. "Wewe ni wa Tigania."

"Kianjai, mama. Naitwa Kendi."

"Kianjai hakuna mto wa kutisha mtu. Haya, Kendi, niambie hiyo kompyuta yako inataka nini kwangu."

Nikamweleza. Yeye angetuma namba kwa meseji kutoka kabambe yake, simu ya vibonye aliyokuwa nayo. Kompyuta yetu, tunayoiita seva, ingeipokea. Ikiona imepita mita mbili, ingetuma arifa kwa simu zote za kule chini zilizowekwa programu yetu, na simu hizo zingelia hata kama zimelala mfukoni na programu haijafunguliwa.

"Zitalia zote?"

"Zote, mama."

"Na wewe utajuaje zimelia?"

Nikasema seva itapata jibu. Nilisema kwa ujasiri, kwa sababu jibu lilikuwepo kweli. Lakini nikiwa njiani kurudi Kinoru swali lile lilikataa kunitoka, maana nilijua lile jibu ni la nani. Seva yetu haimfikii mkulima moja kwa moja. Kila simu ina anwani yake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Seva huandika ujumbe, huubandika anwani hiyo, kisha huukabidhi kwa huduma kubwa ya kupeleka arifa iliyo mbali, ambayo hata sijui iko nchi gani. Huduma hiyo hujibu: nimepokea. Yaani yenyewe imepokea. Mkulima je? Haisemi.

Basi nikaongeza kitufe. Arifa ikitokea, chini yake kulikuwa na neno moja, "Nimesikia," na mtu akiligusa, seva ilijua kwamba kuna mtu. Nilipompelekea Mama Geji habari hiyo nilidhani atanisifu. Alisema, "Sasa umeanza," akaendelea kuuliza.

Maswali yake yalikuja hivyo, moja kila nilipopanda darajani, na kila moja lilinirudisha kwenye kiti changu siku mbili.

"Na kama mtu amezima simu, hiyo habari inangoja wapi?"

"Inangoja kwa ile huduma, mama. Akiwasha, inamfikia."

"Inangoja mpaka lini?"

Nilikwenda kuangalia. Nisipoiandikia muda, arifa ingeweza kungoja wiki kadhaa. Mama Geji alicheka mpaka akashika ukingo wa daraja. "Kwa hivyo mtu awashe simu Jumapili, aambiwe akimbie maji ya Jumanne!" Nikaandika kwamba arifa ife baada ya saa mbili.

Siku nyingine nilimweleza kwamba kuna arifa za kawaida na arifa za haraka. Za kawaida, simu ikiwa imelala kuokoa betri, inaweza kuzikalia mpaka mwenyewe aishike. Aliniangalia kwa mshangao wa kweli.

"Kwani kuna mafuriko ya kawaida?"

Nimefanya kazi na wahandisi wenye vyeti vya kujaza ukuta. Hakuna aliyenifundisha kazi hii vizuri kuliko mwanamke yule, na yeye programu yenyewe alikataa iwekwe kwenye simu ya mtu yeyote wa nyumbani kwake. "Sisi tuko juu," alisema. "Maji haiwezi panda kutuletea habari."

Alikuwa na mambo yasiyokaa pamoja. Kwenye mto hakuchelewa hata siku moja, kanisani hakufika mapema hata siku moja; aliingia wimbo wa pili ukiisha, na buti zake za mpira, akapita mpaka mbele. Alikaa na mto miaka mingi lakini aliogopa maji. Hakuwahi kukanyaga hata mchanga wa chini ya daraja. Nguo zake zilifuliwa kwa maji ya mfereji, na mtoto aliyeteremka kuogelea mbele yake alikula viboko, wa kwake au wa jirani. Alikuwa mpole kwa wazee na mkali kwa wakubwa wa ofisi. Na alikuwa na redio ya mahubiri ambayo aliiwasha kwa sauti ya juu, kisha akaibishia. "Hapana, hapana," alimwambia mhubiri huku akimenya viazi, "hapo umeongeza."

Kuongeza ndiyo dhambi aliyoijua vizuri kuliko zote. Mwaka mmoja aliugua malaria akalazwa siku tano. Mhandisi kijana kutoka ofisi ya maji alikuja kukagua kitabu, akaona siku tano tupu, akamwomba ajaze.

"Nijaze na nini?" aliuliza Mama Geji.

"Kadiria tu, mama. Kabla ya hapo ilikuwa sifuri nukta saba, baadaye sifuri nukta nane. Weka katikati."

"Sikuwa."

"Najua hukuwa, lakini ripoti inataka..."

"Sikuwa," alirudia, akafunga kitabu, akakikalia. Kijana yule aliondoka na siku tano tupu. Mama Geji alinisimulia mwenyewe, na nilipokuja kumwona kijana yule mjini, naye alinisimulia hivyohivyo, akisugua shingo.

Kwa hiyo nilipofanya kosa langu, nilijua ni nani nitakayemkuta mbele yangu.

Kengele ilikuwa imefanya kazi vizuri msimu wa kwanza. Ililia mara mbili, watu wakapandisha pampu zao, hakuna kilichopotea. Kule Mitunguu watu waliiheshimu. Walikuwa sitini na watatu walioiweka kwenye simu, na neno "kengele" peke yake lilimaanisha hiyo. Ndipo Bosi akaona mlango. Kulikuwa na muuzaji wa mbolea na miche ya ndizi aliyetaka kuwafikia wakulima, na sisi tulikuwa na simu sitini na tatu za wakulima, ambazo zililia tukitaka zilie.

"Ujumbe mmoja kwa wiki," Bosi aliniambia. "Hawatakufa."

Nilimwambia tungetenganisha njia kwanza, matangazo yapite njia yake na mlio wake, mafuriko yapite njia yake. Simu zinaruhusu jambo hilo. Mtu anaweza kunyamazisha njia moja akaiacha nyingine. Bosi akasema sawa, tenganisha, lakini tangazo la kwanza litoke leo. Nikalitoa. Lilipita njia ileile, kwa mlio uleule wa haraka. Wiki iliyofuata yalikuwa mawili, na ya tatu sikuyahesabu. Ile kazi ya kutenganisha nikaiandika kwenye orodha yangu, ikashuka kila siku chini ya kazi nyingine.

Habari zilimfikia Mama Geji kupitia kwa mke wa fundi wa pampu. Fundi huyu ndiye aliyewatengenezea pampu wakulima wengi wa pale chini, na yeye mwenyewe alikuwa na ndizi na pampu yake. Mkewe na Mama Geji walikuwa chama kimoja cha kina mama kanisani. Alimwambia, kama kichekesho, kwamba simu ya mume wake siku hizi inalia kama duka.

Asubuhi moja nikasikia buti za mpira kwenye ngazi zetu za Kinoru. Alikuwa amesoma geji saa tatu, akapanda gari, na ilikuwa lazima arudi kabla ya saa kumi. Hakukaa. Msalaba wa jasho ulikuwa mgongoni mwa blauzi yake.

"Bosi ni nani hapa?"

Bosi akasimama, akavaa tabasamu. "Karibu, madam. Chai?"

"Hiyo kengele si ya duka."

"Madam, tuelewane. Seva inataka kulipiwa, huyu msichana anataka mshahara..."

"Mimi sijakuuliza mambo ya mshahara. Watu wa chini wakisikia hiyo mlio wanafaa kuacha jembe na kukimbia. Sasa wanasikia, wanasema ni mbolea. Siku mimi nikituma namba, nitakuwa natuma kwa nani?"

"Tunatenganisha," Bosi alisema. "Kendi anafanya. Sindio, Kendi?"

Wote wawili wakanigeukia. "Ndio," nikasema. "Wiki hii."

Bosi hakupenda kusemwa mbele yangu. Alipomsindikiza mlangoni alimwambia, bado akitabasamu, "Na wewe pia, mama, hakikisha namba zako ni sawa. Hiyo kengele ikilia bure hata mara moja kutoka upande wako, wakulima wataitoa kabisa, na tutafunga."

Mama Geji alishuka ngazi polepole kuliko alivyozipanda.

Wiki ile sikutenganisha. Palitokea hitilafu kwa mteja mwingine na Bosi alitaka imalizwe kwanza. Wiki iliyofuata vilevile.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kinoru kulikuwa na jua, lakini mlima haukuonekana. Upande wote ule ulikuwa mweusi, na siku kama hizo Mama Geji hakungoja saa kumi. Saa tisa na dakika thelathini na tano meseji ya Mama Geji ikaingia kwenye seva: 2.4. Seva ikafanya kama nilivyoiandika. Kwenye kioo changu nikaona mistari ikiteremka haraka, anwani moja moja, na mbele ya kila moja neno lile: nimepokea, nimepokea, nimepokea. Sitini na tatu. Hakuna hata moja iliyokataliwa. Nilishusha pumzi.

Kisha nikatazama upande wa pili, pale "Nimesikia" zilipokuwa zinaingia. Saba. Kumi na moja. Kumi na tisa. Zikaanza kuja polepole. Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Zikasimama.

Simu yangu ikaita. Nyuma ya sauti yake nilisikia maji, sauti nzito kama lori linalopanda bila kufika.

"Wangapi wamesikia?"

"Zimeenda zote, mama, sitini na..."

"Sikuuliza imeenda ngapi. Wangapi wamesikia?"

"Ishirini na mbili."

"Mbili nukta tisa," akasema. "Kendi, kuna magogo. Piga simu. Piga mtu mmoja mmoja."

Kutoka darajani mpaka mashamba ya Mitunguu, maji huchukua kama dakika hamsini. Nilikuwa nimekwisha kutumia saba kwa kutazama kioo. Nikamwita Bosi, nikamgawia nusu ya majina, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza swali. Tukapiga. Wengine walishika papo hapo, wakasema, "Ah, nilidhani ni wale wa miche," na niliwasikia wakianza kukimbia kabla hawajakata. Wengine hawakushika, tukawatafuta kwa jirani. Kila nilipomaliza mmoja nilimfutia mstari, na kila dakika tano Mama Geji alinitumia namba peke yake, bila neno. 3.1. 3.3. Baada ya hapo ikawa hakuna namba, kwa sababu bamba lenyewe lilikuwa limeishia mita tatu na nusu na maji yalikuwa yamelifunika.

Fundi wa pampu hakushika. Nilimpigia mara tatu, nikamruka, nikarudi kwake, mara nne, mara tano. Simu iliita mpaka mwisho kila mara. Nikampigia Mama Geji nimuulize kama ana namba ya mkewe. Alikuwa nayo kichwani, akanitajia.

Mkewe alishika saa kumi na dakika kumi na nane.

"Mama, mzee yuko wapi?"

"Ameenda mtoni. Pampu ilikuwa inavuja. Wewe ni nani?"

"Mwambie atoke! Maji inakuja, mkimbilie saa hii!"

Nilisikia simu ikianguka. Haikukatika. Nikabaki nimeishika sikioni, nikisikia kuku, na mbali kidogo jina likiitwa, likirudi, likirudi, kila mara likiwa mbali zaidi.

Mkewe alitusimulia baadaye kwamba alikuwa katikati ya mteremko, kati ya ndizi, aliposikia mto kabla ya kuuona. Mume wake alikuwa ameinama kwenye pampu, spana mkononi, na injini inanguruma. Hakusikia kitu. Walimpata siku ya pili, mbali sana kule chini.

Simu yake ilikuwa mezani ndani ya nyumba, imechomekwa kwenye chaji, na mkewe, aliyekuwa nje na kuku, hakusikia ikiita. Saa tisa na dakika thelathini na tano fundi alikuwa bado amekaa pale pale, anakunywa chai. Simu iliwaka bila sauti karibu na kikombe chake. Alikuwa amenyamazisha programu yetu siku ya tangazo la pili la miche.

Siku ya mazishi nilikwenda, nikakaa nyuma kabisa ya hema. Bosi alituma salamu. Wazungumzaji walisimama mmoja mmoja, na wote walisema Mungu alimpenda zaidi. Kisha Mama Geji akaomba nafasi. Hakuwa kwenye ratiba, lakini mzee wa kanisa hakuthubutu kumkatalia.

"Mimi nataka kusema vile ilikuwa," alianza. "Namba ilitumwa saa tisa na dakika thelathini na tano. Ilikuwa mbili nukta nne. Kengele ilienda kwa simu zote, na kwa simu ya huyu mzee ilienda. Haikulia kwa sababu aliizima. Aliizima kwa sababu sisi wa hiyo kengele tulimwitia mambo ya mbolea mpaka akachoka. Huyu mama alikuwa ameniambia. Nilienda Kinoru nikasema, nikaambiwa wiki hii, na hiyo wiki ikapita. Msiseme ni Mungu peke yake."

Hakunitaja, lakini watu kadhaa waligeuka, na mimi niliinamisha uso. Alipopita kurudi mahali pake alinigusa bega kwa mkono wake mzito. Sikujua kama ananihurumia au ananionyesha.

Kesho yake nilitenganisha zile njia mbili. Kazi ambayo niliiahirisha wiki baada ya wiki ilichukua alasiri moja. Niliongeza jambo jingine pia: mtu asipogusa "Nimesikia" kwa dakika tatu, seva ilimpigia simu ya kawaida, na asiposhika, ilimpigia mtu wa pili aliyeandikishwa naye. Bosi hakutaja tena matangazo. Nilimaliza, nikaandika maelezo ya kila kitu ili atakayekuja asipotee, nikaacha kazi. Nilihamia Embu, kwenye ofisi inayotengeneza programu za shule, matokeo ya mitihani na orodha za vitabu, vitu ambavyo vikichelewa hakuna anayekufa. Kengele bado iko mpaka leo. Naambiwa hulia mara chache na watu hukimbia. Mimi sikupanda tena darajani.

Miaka minne ikapita. Nililala vibaya kwa mingi ya miaka hiyo. Nikiona mtu anafuta arifa kwenye simu yake kwa kidole bila kuisoma, nilitazama kando. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Mwaka huu, mwezi wa pili, nilimpeleka shangazi yangu kliniki ya macho hapa Embu. Kwenye benchi la ukutani alikuwa amekaa mama mmoja mwenye buti za mpira, kitambaa cheupe kwenye jicho moja, la pili limeingia ukungu, mfuko wa plastiki mapajani. Nilisimama mbele yake muda kabla sijamsalimu, naye akanijua kwa sauti.

"Kendi wa Kianjai," akasema. "Kaa hapa."

Nikakaa. Akaniambia kazi ya geji ameshaikabidhi, sasa inasomwa na mwalimu mstaafu, mtu makini. Akaniuliza kama nimeolewa, nikasema bado. Kisha akafungua mfuko, akatoa kitabu cha jalada gumu, akakipapasa mpaka pale alipokunja ukurasa.

"Nilikuwa nitume mtu akuletee. Soma hapo, Alhamisi."

Nilisoma. Mwandiko ulikuwa wake, wima, bila kufuta popote. Saa tisa na dakika ishirini na tano: 2.1. Mstari wa chini: saa tisa na dakika thelathini na tano: 2.4.

Nilisoma tena.

"Ilipita mita mbili saa tisa na dakika ishirini na tano," akasema. "Mimi nilituma dakika kumi baadaye."

"Kwa nini?"

"Gogo lilikuwa limekwama kwa nguzo. Wakati mwingine maji inapanda hivyo kwa sababu ya gogo, halafu inashuka. Siku zingine ningetuma tu. Lakini nilikuwa nimesimama kwa ofisi yenu nikasema isilie bure, na yule bosi wako akaniambia nisilize bure. Nikaogopa. Nikasema ngoja nione kama itashuka."

Nilihesabu bila kutaka. Ningempata mkewe saa kumi na dakika nane. Mteremko ule, kwa mtu anayekimbia, hauzidi dakika saba.

"Pale kwa mazishi hukusema," nikamwambia.

"Nilisema saa ya kutuma. Hiyo ilikuwa kweli."

"Mama!"

"Najua." Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya kitabu. "Huyo mjane nilimwambia mwaka uleule, nikapiga magoti kwake. Hakunifukuza. Ni wewe tu nilikuwa sijakwambia."

"Miaka minne."

"Miaka minne."

"Kwa nini mimi?"

Watu kwenye benchi walikuwa wanasogea, foleni ilikuwa inakwenda, shangazi yangu alinitazama kutoka upande wa pili asielewe.

"Kwa sababu wewe ulikuwa umekubali kuibeba hiyo lawama," akasema. "Nilikuona pale nyuma, umeinama. Nikaona umeichukua yote. Nikakuachia."

Nilitaka kumwambia jambo kubwa, la kuumiza. Nilikuwa na haki nalo na lilikuwa tayari mdomoni. Kosa langu lilikuwa palepale lilipokuwa, halikupungua hata kidogo. Lakini kwa miaka minne nilidhani niko nalo peke yangu chumbani, kumbe mtu mwingine alikuwa amekaa gizani, ananisikia nikilia, na hakusema neno. Mtu ambaye sikuwahi kumjua akiongeza wala kupunguza.

Muuguzi akatokea mlangoni akaita namba yake. Mama Geji akasimama, akanyoosha mkono mbele yake hewani, akitafuta ukuta, akaukosa. Hakuniomba. Alibaki amesimama hivyo, mkono umenyooshwa, na benchi zima likimwangalia.

Nikaondoka kwenye kiti, nikamshika kiwiko. Nilimshika kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, naye alijua, na hakukivuta. Tukaingia ndani hivyo.